Mpokeaji wa Mlangoni

Usiniulize uwanja ule uko nchi gani. Nikikutajia nchi utasema, aa, kumbe ni kwa wale, ndivyo walivyo, kisha utajifunika ulale usingizi wako mwororo. Basi chukua kwamba hauko nchi yoyote. Ni uwanja wa vumbi, mpana, na mwisho wake pana mlango mmoja. Nyuma ya mlango kuna chumba kimoja, taa moja, na mtu mmoja anayejua kushika kisu cha kupasulia. Watu waliojaa uwanjani wanangoja mlango huo ufunguke. Kila mmoja amekuja na uvimbe wake, mwingine shingoni, mwingine tumboni, mwingine mahali pa kuonea haya. Ni saratani. Mimi naitaja, lakini uwanjani hawaitaji. Wao husema "mgeni", ati ukimtaja kwa jina atajua anasengenywa aharakishe kazi yake. Haraka anayo hata asipotajwa.

Uvimbe wa Mwatumu ulikuwa kwenye titi la kushoto. Alipofika uwanjani ulikuwa mdogo kama punje ya choroko, naye alijiona mwenye bahati, tena mjanja, maana alikuwa amewahi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpishi wa shughuli, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya kulisha mtaa mzima. Hakuwa mtu wa kungoja jambo limkute kitandani. Alisalimia, akauliza wa mwisho ni nani, akaoneshwa, akakaa nyuma yake kama anavyofanya mtu aliyelelewa. Na hapo ndipo wakati ulipoanza kumfanyia vituko.

Maana wakati wa uwanja ule hautembei. Unadondoka. Mtu aliinama kufunga kamba ya kiatu, akainuka mvi zimemtoka. Asubuhi ilifuata asubuhi nyingine bila ya adhuhuri katikati. Siku moja ya Jumatano ilirudi na kurudi mpaka watu wakachoka kuisalimia, halafu ukapita mwaka mzima mtu akiwa anapiga chafya. Waliokaa mbele ya Mwatumu walipungua, lakini si kwa kuingia mlangoni. Walibebwa maiti ndani ya shuka, kupitia ubavuni mwa uwanja. Walipobebwa, nafasi zao zilibaki wazi mavumbini na hakuna aliyesogea kuzijaza, kwa sababu zamu ni ya jina, na jina halifi mpaka jamaa wa marehemu alikane. Ndiyo kanuni. Usiulize nani aliitunga. Kanuni za namna hiyo huwa hazina baba.

Uvimbe peke yake ndio uliokuwa na saa iliyo sawa. Ulitoka choroko ukawa kunde, ukatoka kunde ukawa kokwa la tende, na haukukosea hata hatua moja. Mwatumu alikuwa akiupima kwa kidole anapofunga kanga. Aliogopa. Hakuwa na wa kumwambia anaogopa, basi aliendelea kufunga kanga.

Upande mmoja wa uwanja palikuwa na ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo ilikuwa Ng'ambo. Nitakueleza Ng'ambo ilivyo, na usidhani natia chumvi. Kule kulikuwa na ukumbi mrefu wenye milango kushoto na kulia, na kwenye kila mlango alisimama mtu aliyenawa mikono, ana kisu, anangoja. Kule mlango ndio uliokuwa ukimngoja mtu. Mwatumu alimwona bwana mmoja akija na uvimbe wa choroko, choroko kama ile ile yake ya zamani, akaulizwa ni siku gani ingempendeza. Bwana akafikiri. Akasema Alhamisi haimfai, ana sherehe ya mjukuu. Daktari akakubali kwa adabu, na wakati wenyewe ukasimama pembeni mikono nyuma, ukingoja bwana amalize kula keki. Kisha akakatwa, akashonwa, akaamka akalalamika kwamba chai imeletwa ya vuguvugu.

Mimi simwonei kijicho bwana yule. Chai ikipoa imepoa, ana haki ya kulalamika. Kinachonichoma ni choroko. Choroko ni ile ile. Haikuuliza mtu ametokea upande gani wa kioo, haikumpunguzia huyu wala kumzidishia yule, ilifanya kazi yake kwa uadilifu kuliko serikali yoyote niliyowahi kuisikia. Sasa niambie, ikiwa ugonjwa ni mmoja, na nyama ni moja, na kisu ni kipande cha chuma tu ambacho hata mhunzi wa kijijini angekichonga, ni nini hasa kilichopungua uwanjani? Watu walikuwa wakibishana juu ya hilo mpaka koo zikawakauka. Wako waliosema ni taa. Wengine wakasema hapana, uwanja umewahi kuwafundisha wengi kushika kisu, lakini kila aliyehitimu alisogea sogea mpaka kwenye kioo, akapita. Hakuna aliyewalaumu. Nani asiyetaka kufanya kazi penye taa isiyozimika?

Na kioo chenyewe kilikuwa na ubaya wake. Kwa upande wa uwanja kilionesha kila kitu. Kwa upande wa Ng'ambo kilikuwa kioo cha kujitazamia. Watu wa kule walipoelekea uwanjani walijiona wenyewe, wakarekebisha kola, wakaenda zao.

Mwatumu alikuwa akikaa pale na kusema peke yake, midomo ikienda bila sauti.

Nipo. Nimekaa hapa, napumua, nasikia njaa, kwa hiyo nipo. Lakini anayengoja yupo kiasi gani? Nusu? Robo? Aliyenitazama hajaniona. Kwetu wanajua nimekuja kutibiwa, kwa hiyo kwao mimi ni mtu anayetibiwa. Mlangoni mimi ni jina ambalo halijafika. Ni nani basi aliyekalia mavumbi haya? Mama Husna ndiye aliyeyakalia. Husna mwenyewe yuko wapi?

Husna alikuwa pale. Hilo ndilo lililomuumiza kupita yote. Bintiye wa pekee alivuka kwenda Ng'ambo kutafuta maisha, na kazi aliyoipata ni kusukuma vitanda vya wagonjwa katika ukumbi ule ule. Mwatumu alimwona kila mara, amevaa sare ya buluu, anamfunika mzee mmoja miguu, anamshika mkono bibi asiye na mtu mpaka usingizi wa dawa umchukue. Alikuwa anafanya vizuri. Mwatumu aligonga kioo kwa kiganja. Husna akasimama, akageuka, akatazama moja kwa moja machoni mwa mama yake, akafunga kilemba chake vizuri, akaenda.

"Amenenepa kidogo," Mwatumu alisema, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Alijaribu kumpigia. Lakini sauti iliyotumwa Ng'ambo ilifika imezeeka. Husna alikuwa akijibu salamu za mwaka ambao mama yake hakuwa bado na kitu kifuani. Alisema, "Mama, nimefurahi kusikia u mzima. Endelea hivyo hivyo." Mwatumu aliisikiliza sauti hiyo akalia, akaisikiliza tena kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanawe.

Sasa kuna desturi moja ya uwanja, na bila kuijua hutaelewa kilichofuata. Kinachokatwa mwilini mwa mtu hakitupwi. Hufungwa kwenye kitambaa cheupe, akapewa jamaa wa mgonjwa mlangoni, naye akaenda kukifukia kwa heshima kama kinavyofukiwa kitovu cha mtoto. Mtu huyo huitwa mpokeaji. Asipokuwapo mpokeaji, kisu hakishikwi, maana mwili haufunguliwi ikiwa hakuna mikono ya kupokea. Ni desturi nzuri, wala siikejeli. Waliianzisha watu waliokuwa na jamaa tele, na hawakufikiria kwamba ipo siku watoto wote watakuwa nyuma ya kioo.

Kwa hiyo hata Mwatumu angeitwa, asingepasuliwa. Alilijua hilo. Alikuwa amelijua tangu uvimbe ukiwa kunde, na bado alikaa, maana angekwenda wapi.

Karibu na mlango kabisa alikaa bwana mmoja mwenye mabega mapana yaliyoanza kuinama. Kila alipopika uji wake alimimina bakuli mbili. Moja alikunywa, ya pili ilikaa mbele ya jamvi tupu mpaka ikafanya utando. Mwatumu ni mpishi. Chakula kikiharibika mbele yake anapata homa. Siku moja alishindwa kuvumilia akamwendea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Karibu ukae. Hapo pana mtu, lakini kaa."

Akakaa. Bwana akamsogezea bakuli, naye akanywa. Uji ulikuwa umeungua na hauna chumvi, na alimwambia hivyo hivyo. Bwana akacheka, kicheko kilichotoka kwa shida kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Tangu hapo Mwatumu ndiye aliyepika, na bwana ndiye aliyemimina, na bakuli ya pili ilikuwa yake.

Kila baada ya muda alipita Mwitaji. Huyo alikuwa mzee aliyebeba majina yote ya uwanja kichwani. Macho yake yalikuwa mazima, ila hakuwa na mazoea ya kumtazama mtu. Alipita akiuliza wapokeaji kwa sauti ile ile ya kuchoka.

"Kidawa wa Shekue. Yupo?"

"Yupo," bwana alijibu. "Amepumzika."

Ndipo Mwatumu alipojua kwamba anayekula naye anaitwa Shekue, na kwamba jamvi alilokalia ni la mkewe, na kwamba mkewe hayupo. Uwanja mzima ulijua kuwa Kidawa alibebwa kwa shuka zamani. Waliinamisha vichwa tu.

"Kwa nini humwambii?" Mwatumu alimuuliza Shekue, Mwitaji alipokwisha kupita.

Shekue alichochea moto usiohitaji kuchochewa. "Nikimwambia, zamu yake inafutwa. Hiyo zamu ndiyo kitu chake pekee kilichobaki hai, dada. Nguo zake nimezigawa. Sauti yake naanza kuisahau. Zamu inasogea. Kila siku inasogea."

Mwatumu hakumwambia kwamba ni upuuzi. Alimwelewa vizuri mno, na hilo lilimtisha.

Uvimbe ukafika ukubwa wa limau. Mkono wa kushoto ukaanza kuvimba, akawa anainua sufuria kwa mkono mmoja. Shekue aliona, kisha siku moja akasema kama anayezungumzia mvua.

"Una mpokeaji?"

"Sina."

"Mtoto?"

Mwatumu alielekeza kidevu kwenye kioo. Husna alikuwa akipita na kitanda. Shekue alimtazama binti yule mpaka akapotea ukumbini.

"Kidawa wangu yuko karibu kuitwa," alisema. "Nikiulizwa nitasema yupo. Wewe utaitika."

"Nitaitikaje jina la mtu?"

"Utasema abee. Kama wanavyoitika wote."

"Wake ulikuwa upande gani?"

"Kulia."

"Wangu kushoto."

"Najua. Nakuona unavyobeba sufuria."

Mwatumu alitazama uwanja, watu walioketi na vimbe zao mapajani kama vifurushi vya safari. Wangapi walikuwa na haki ya jina lile kuliko yeye? Wengi. Kuna mama mmoja hakuwa tena na sauti ya kuomba maji. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Na pamoja na haya hiyo yote alitaka kuishi, alitaka kwa tamaa mbaya, ya kupora, tamaa ambayo hakuwahi kuwa nayo hata katika ujana wake.

"Nikifia humo ndani?" aliuliza.

"Nitamzika Kidawa mara ya pili."

"Na nikitoka?"

Shekue alifikiri. "Hapo sijafika, dada."

Jina liliitwa asubuhi, mojawapo ya zile asubuhi zisizo na mchana. Mwitaji alisimama kizingitini na kusema, "Kidawa wa Shekue, titi la kulia." Uwanja wote ukageuka. Wapo waliokuwa wakijua na wapo waliokuwa wakijua zaidi, na yeyote kati yao angeweza kusema neno moja tu. Mama asiye na sauti alimtazama Mwatumu kwa muda, kisha akageuzia uso wake kwenye kioo. Mwatumu hakujua kama amesamehewa au amepewa kisogo.

"Yupo?" Mwitaji aliuliza.

Shekue alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Alikuwa amesema neno lile kila mara bila taabu kwa sababu lilikuwa uongo. Sasa alitakiwa kulisema likiwa na mtu ndani yake, na mtu mwenyewe siye. Mwatumu aliona kwamba Shekue akinyamaza kidogo zaidi mlango utafungwa, na hakuthubutu kumgusa.

"Yupo," Shekue alisema.

"Abee," akasema Mwatumu, akavuka kizingiti.

Ndani wakati ulikuwa umesimama. Taa moja, meza moja. Daktari alikuwa mwanamke, ameegemea ukuta kwa bega, miguu imemvimba ndani ya viatu vya mpira, macho yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mwatumu alikuwa amemwogopa mtu huyu kwa miaka yake yote ya uwanjani, na sasa alipomwona alimhurumia.

"Kidawa?"

"Abee."

Daktari akamsogelea, akaweka vidole kwenye titi la kulia. Akatafuta juu, akatafuta chini, akatafuta kwapani. Hakukuwa na kitu. Vidole vikatulia, kisha vikahamia kushoto vyenyewe bila kuambiwa.

"Mbona mnachelewa hivi kuja?" alisema. Yalikuwa maneno ya mazoea, wala hayakuwa na hasira.

"Mimi nilikuja ukiwa choroko."

"Wote mnaniambia hivyo."

"Tunasema uongo?"

"Hapana," daktari alisema. "Si uongo." Aliondoa mkono. "Wewe si Kidawa. Ni nani wewe?"

Swali dogo. Mwatumu alilitafutia jibu akakuta patupu. Jina lake halisi lilikuwa nje, kichwani mwa Mwitaji, nyuma ya majina mengine mengi, na akilitamka humu atarudishwa akalifuate. La Kidawa limekwisha kuanguka sakafuni. Mama Husna ni wa Husna, na Husna hasikii. Mpishi ni mikono tu, na mmoja umeshavimba. Alivua jina moja baada ya lingine mpaka akabaki na kitu kisicho na jina, kinachotetemeka, kinachosikia baridi ya sakafu nyayoni. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kikingoja muda wote ule. Hicho ndicho bwana wa keki alichokuwa nacho pia, na hakuna aliyekiuliza kwake.

"Mimi ndiye niliyeingia," alisema.

Daktari alitazama mlango. Akifuata kanuni, alitakiwa kumtoa, na taa izimwe, na kisu kilale mpaka jina lingine likomae. Mwatumu alimwona akifikiri. Alimwona pia akichoka kufikiri.

"Nje kuna mtu wa kukupokelea?"

"Yupo."

"Basi panda ulale."

Usingizi wa dawa ulimjia kutoka miguuni. Watu husema usingizi ule hauna masikio, lakini Mwatumu alisikia. Alisikia kisu kikianza, bila maumivu, kama mtu anayechana kitambaa chumba cha pili. Alikuwa yeye, kisha alikuwa Kidawa anayekunywa uji wa mumewe ulioungua na kuusifia, kisha alikuwa bibi wa Ng'ambo aliyeshikwa mkono na msichana mwenye sare ya buluu, na mkono wa msichana ulikuwa na joto analolijua. Akaung'ang'ania. Kisha mkono nao ukaondoka, maana kulikuwa na kitanda kingine cha kusukuma.

Akasikia mlango ukifunguliwa. Akasikia Mwitaji akisema kwa sauti yake ya kila siku, "Mpokeaji wa Kidawa. Pokea cha mkeo."

Mwatumu alisikia nyayo za Shekue zikikaribia, akasikia kitambaa kikihama kutoka mikono hadi mikono.

"Mke wangu amekufa," Shekue alisema.

Alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kioo. Watu uwanjani waliacha kukohoa. Sauti yake ilipasuka katikati, naye hakuificha.

"Amekufa zamani. Alifia pale, kwenye jamvi lile, anaangalia mlango huu. Hiki si chake. Hiki ni cha huyo aliyelala humo ndani. Nakwenda kukifukia, kisha narudi kumngoja."

Mwitaji, kwa mara ya kwanza, labda aliinua macho. Mwatumu hakuweza kuona, ila alisikia pumzi yake ikibadilika.

"Huyo wa ndani anaitwa nani?"

Walikuwa wamekula pamoja misimu mingapi, wamepikiana, wamelindana wakati wa baridi, kaka na dada, kaka na dada, kama inavyotakiwa.

"Nilimwita dada," Shekue alisema. "Akiamka nitamuuliza."

Mwatumu alisikia. Alitaka kumwambia hapo hapo, akalitafuta jina lake akalipata, akalileta mpaka kinywani. Lakini ulimi ulikuwa mzito kwa dawa, na Shekue alikuwa ameshaanza kuondoka na kile kifurushi cheupe, akitembea taratibu asikitikise.